Siku Nne za Pazia

Jackie nilimkataa siku ileile Ken alipomleta, na sijawahi kuficha. Nilikuwa kwa meza yangu ya samaki Kisumu Ndogo, hapa Kibera, mikono imejaa magamba ya omena. Huyo msichana akafika na viatu vyeupe, akasimama mbali kidogo ili harufu isimshike, akasema, "Sasa, Mum." Mum wa nani? Nilimpimia mteja wangu, nikamfungia, nikanawa mikono polepole, ndipo nikamjibu. Alisimama dakika kumi. Nilitaka asimame.

Mimi ni Filister. Hapa wananiita Mama Ken, na nikigeuza mgongo wananiita majina mengine, najua. Nilitoka Homa Bay na mume, mume akafa, nikabaki na vijana wawili na meza moja. Billy ndiye mkubwa, yuko Mombasa, hajaoa mpaka leo. Ken ndiye wa pili, anafanya kazi ya mjengo. Hao wote nimewalea kwa mdomo huu. Mtu akiniletea noti feki mara ya kwanza anaweza kunipata, sikatai. Lakini akirudi, hata kama amebadilisha kofia, nitamtambua akiwa bado kwa kona na nitaanza kumtukana kabla hajafika kwa meza.

Sasa Jackie ni wa Kawangware 46, watu wa ploti. Mamake, Muthoni, ana vyumba vya mabati safu mbili, na kila mwisho wa mwezi anapita mlango kwa mlango. Sisi watu wa ziwa tumelipa kodi kwa watu kama hao miaka yote, halafu mmoja wao anakuja kuniita Mum. Nilimwambia Ken, "Mtoto wa landilodi anatafuta nini Lindi kwa chumba chako cha kukodi? Wanakupatia rahisi hivi kwa nini? Kuna kitu wanaficha hao." Ken akacheka, akaniambia nina roho mbaya.

Tulipoenda kwao kujulishana, nilimwona Audrey, kitinda mimba wa Muthoni, msichana wa miaka sita aliyeng'oka meno ya mbele. Muthoni mwenyewe alikuwa ameshapita hamsini. Nilihesabu kichwani, nikaona hesabu ni ngumu kidogo, lakini wali ulikuwa umeletwa na nikaendelea kula.

Jackie alipopata mimba, mimi ndiye nilimpeleka kliniki. Hakuniomba. Nilienda kwa sababu hicho kitoto ni cha ukoo wetu na sikumwamini. Hata kitabu cha kliniki nilikuwa nakiweka mimi, kwa sanduku langu, pamoja na kitambulisho changu. Nesi akamuuliza, "Hii ni mimba ya ngapi?" Jackie akanitazama kwanza. Nakumbuka vizuri hayo macho. Nilidhani ni adabu.

"Ya kwanza," akasema.

Wakamtoa damu. Nesi akarudi akasema damu yake ni negative, ya watu wachache, lakini kwa vile hii ni mimba ya kwanza kusiwe na wasiwasi, akishazaa atadungwa sindano ya kulinda wale wengine watakaofuata. Nikatingisha kichwa kama mtu ameelewa. Kwangu damu ni damu, ni nyekundu.

Akazaa kijana. Akadungwa hiyo sindano, na kesho yake mchana wakaruhusiwa. Nami nilikuwa nimewangoja na desturi yangu mkononi. Kwetu sisi Wajaluo mtoto mchanga hatolewi tu nje ovyo. Wa kike anakaa ndani siku tatu, wa kiume siku nne, halafu asubuhi ndiyo anatolewa rasmi, anaonyeshwa dunia. Nilihamia kwao Lindi hadi hizo siku nne ziishe. Chumba chao hakina dirisha la maana. Mlangoni nikafunga pazia zito la rangi ya machungwa, nililolitoa kwangu, na nikaketi hapo karibu na mlango kwa stuli. Hakuna aliyeingia, hakuna aliyetoka.

Na kulikuwa na jambo lingine lililonisumbua. Ken ameoa kabla ya kakake mkubwa, na kwetu mdogo hampiti mkubwa. Ukivunja mwiko kama huo unaita chira, na chira inakula watoto. Kwa hivyo nilikuwa nimechemsha manyasi, dawa ya majani ya kuosha hayo mambo. Nikampa mtoto kwa kijiko, asubuhi, mchana na jioni. Jackie akitaka kumnyonyesha namwambia ngoja, dawa ikae kwanza. Maziwa ya siku za kwanza yenyewe yalikuwa matone tu, mazito, nikaona hayana maana.

Mtoto alikuwa analala. Analala, analala, hata ukimfinya mguu. Nikasema ametulia kama marehemu babu yake. Siku ya pili Jackie akasema, "Mum, mbona macho yake ni ya njano?"

"Ni pazia," nikamwambia. "Hata wewe ni wa njano humu ndani."

Na ilikuwa kweli. Chini ya hilo pazia sote tulikuwa wa njano, mimi, yeye, shuka, ukuta. Siku ya tatu akasema tena anataka ampeleke kliniki. Nikamwambia akitoka na mtoto huyo kabla ya siku yake, asirudi kwangu. Akaketi tena kitandani. Ken alikuwa kwa mjengo huko Ruaka, analala hukohuko.

Asubuhi ya siku ya nne nikafungua pazia. Majirani walikuwa wamesimama hapo nje wanangoja, wengine na zawadi za sabuni. Nikamtoa mtoto kwenye jua. Alikuwa wa njano hadi nyayo, hadi ndani ya mdomo. Shingo ilikuwa imejikunja nyuma. Tulikimbia naye. Jioni alikuwa amekufa, na daktari aliyetupa habari alisema tu kwamba manjano imefika kwa ubongo, tulichelewa.

Unajua nilifanya nini? Nilimgeukia Jackie hapohapo kwa korido, mbele ya watu, nikamwambia, "Umeniulia mtoto." Nilihitaji awe yeye. Kama si yeye, ni nani?

Mwaka ukapita tukiwa hatusemeshani ila kwa Ken. Ujumbe unatoka kwangu, unapita kwa Ken, unafika kwake, unarudi. Akapata mimba nyingine. Nikasema hatutarudi ile kliniki ya kwanza, nikampeleka nyingine hapohapo Lindi, kwa nesi anaitwa Musimbi, mama wa Kiluhya asiye na haraka wala mchezo. Nikamnunulia kitabu kipya. Sista Musimbi akauliza mimba ni ya ngapi. Kabla Jackie hajafungua mdomo, nikajibu mimi.

"Ya kwanza."

Jackie akanigeukia, akashangaa, lakini hakunipinga. Nilikuwa na sababu yangu. Nikitaja yule kijana, Sista atauliza alikufaje, alikaa wapi, alikunywa nini, na sikutaka kuulizwa. Damu ikatolewa, ikatoka negative vilevile. Sista akasema kwa mimba ya kwanza si mbaya sana, tutaendelea kuangalia. Kitabu nikakirudisha kwa sanduku.

Mimba ilipofika miezi sita na kitu nikachemsha manyasi tena, safari hii ya mama mwenyewe. Nikampelekea kwa chupa. Alichukua chupa, akaenda hadi kwa mtaro, akaimwaga yote nikiangalia, akaosha chupa, akanirudishia. Sijawahi kutukanwa hivyo na mtu asiyefungua mdomo.

Kesho yake ilikuwa siku yake ya kliniki. Nikampa kitabu aende peke yake, kwa sababu mimi nilikuwa na safari yangu. Nikaenda Kawangware kumshtaki kwa mamake.

Muthoni alinipata langoni, hakunikaribisha kiti. Nilimwambia bintiye hana heshima, nikamwambia habari ya chira, nikamwambia amwamuru anywe dawa la sivyo tutazika tena. Akaniambia mambo ya uchawi nibaki nayo Kibera. Hapo nikapandwa.

"Mlitupatia mwanamke mbovu," nikasema. "Tumbo lake linakula watoto. Mlijua ni mbovu, ndiyo maana mlimtoa rahisi hivyo."

Muthoni alikuwa na funguo za vyumba mkononi, akazishika hadi vidole vikabadilika rangi. "Tumbo la msichana wangu ni zima," akasema. "Amezaa hapa kwangu bila shida yoyote, mtoto kilo tatu na nusu, na kama wewe una macho mtazame yule pale uniambie ana ubaya gani."

Alikuwa anaonyesha Audrey, aliyeketi kwa ngazi akiandika homuwaki. Halafu Muthoni akasikia alichokisema. Akafunika mdomo na ule mkono wenye funguo. Mimi nikamtazama yule mtoto, nikaona paji la uso la Jackie, nikaona masikio ya Jackie, na nikashangaa nilikuwa nimekula wali gani siku ile hadi nisione.

Wacha niseme ukweli: nilifurahi. Tangu yule kijana afe sikuwa nimesikia raha kama hiyo. Nilikuwa nimetafuta sababu ya kumfukuza miaka mitatu na sasa nimepewa na mamake mwenyewe, bure. Nikatoka hapo bila kuaga. Nilijua yuko wapi, na nilijua kuna watu wengi huko.

Alikuwa kwa benchi na wanawake kama kumi na tano, matumbo yao mbele yao. Sista Musimbi alikuwa amesimama mlangoni akiita majina. Sikusalimia mtu.

"Sista," nikasema kwa sauti ya sokoni, "muulize huyo mwanamke hiyo ni mimba ya ngapi. Muulize mbele ya hawa wote. Ana msichana mkubwa Kawangware ambaye nyanyake amemfanya wake. Alikuja kwangu akijifanya mpya."

Benchi nzima ikageuka. Jackie hakulia. Aliniangalia tu kama mtu anayekariri sura. Nilingoja Sista amcheke au amkemee. Sista aliweka chini ile karatasi ya majina, akatushika mkono mmoja mmoja, akatuingiza ndani, akafunga mlango.

"Jackie," akasema, "ni kweli?"

"Ni kweli."

"Kwa hivyo hii ni ya pili."

"Ya tatu," Jackie akasema. "Kulikuwa na kijana. Alikufa siku ya nne. Manjano."

Sista akafungua kitabu, akasoma, akafunga. Akanigeukia mimi. "Na ni nani aliniambia hii ni ya kwanza?"

Alijua. Tulikuwa tumeketi kwa viti vilevile.

Basi akatueleza, na alieleza akiniangalia mimi, si Jackie. Akasema wengi wetu damu ina alama fulani, na wachache kama Jackie hawana. Audrey alikuwa nayo, aliitoa kwa babake. Siku Audrey anazaliwa damu yake kidogo iliingia kwa mamake. Mwili wa Jackie ukaona kitu ambacho haujawahi kuona, ukakichukua kuwa ni adui, ukatengeneza askari wa kupigana nacho. Audrey hawakumpata, alikuwa ameshatoka. Lakini mwili hausahau. Hiyo kinga inakaa humo miaka, na siku ikikutana tena na ile alama inatoka kwa haraka na kwa wingi.

Nikafikiria mtu wa noti feki. Nilielewa haraka kuliko nilivyotaka.

"Yule kijana wenu naye alikuwa na hiyo alama," Sista akasema. "Askari wa mamake walipita kwa kondo la nyuma, wakamfikia akiwa tumboni, wakaanza kuvunja damu yake. Damu ikivunjika inaacha ile njano. Ini la mtoto mchanga bado ni dogo, haliwezi kuiondoa yote. Inayoondolewa inatoka kwa choo, ndiyo maana mtoto anatakiwa anyonye sana, maziwa ya kwanza ndiyo yanasukuma choo. Asiponyonya, njano inabaki kwa utumbo, inarudi kwa damu, inapanda hadi kwa ubongo. Alikuwa ananyonya?"

Jackie akasema, "Alikuwa anapewa dawa."

"Na siku za kwanza hamkuona rangi?"

"Tulikuwa ndani. Kulikuwa na pazia."

Sista hakuuliza pazia la nani. Akasema, "Ile sindano mlidungwa inasaidia mwili ambao haujajifunza. Wake ulikuwa umeshajifunza, tangu Audrey. Mngesema hapo mwanzo, wangepima hao askari, wangemfuatilia huyo mtoto tumboni, na asingetoka hospitali bila kuwekwa kwa mwanga. Na huyu wa sasa mngesema, nisingengoja hadi miezi saba." Alikuwa tayari anaandika barua ya rufaa. "Mnaenda hospitali kubwa leo. Si kesho."

Nilisimama niende nao. Jackie akachukua kitabu mezani, akakitia kwa mkoba wake, akafunga zipu. "Wewe hapana," akasema.

Jioni nilimngoja Ken kwao Lindi. Nilikuwa bado nimeshika silaha yangu, nilidhani ina risasi moja imebaki. Nikamwambia, "Mke wako ana mtoto Kawangware."

Ken alikuwa anavua buti za mjengo. Hakuinua kichwa. "Najua, Mathe. Audrey. Aliniambia kabla sijamleta kwako."

"Ulijua?"

"Kila mtu alijua. Kwao wanajua, mimi najua, hata Billy anajua, nilimwambia. Ni wewe tu tulikuwa tunaficha." Akaweka buti kando. "Alikuwa aambie nesi. Alitaka kusema. Lakini ulikuwa umeketi hapo."

Nilirudi Kisumu Ndogo kwa miguu. Siku iliyofuata sikufungua meza.

Nilikuwa nimeketi hapo. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Msichana aliulizwa swali moja, jibu lake lilikuwa la kuokoa mtoto, na alipoinua macho akaniona. Halafu mara ya pili wala hakupewa nafasi, nilijibu mimi. Nilikuwa nasema ni chira, kumbe ni mimi niliyekuwa kwa kiti.

Huko hospitali walimpima, wakawapata hao askari, wengi. Kila wiki walimpiga picha ya tumbo kuangalia kama mtoto anaishiwa damu. Kabla ya miezi minane kuisha wakaamua atolewe mapema. Ken alinitumia ujumbe tu: kijana. Nilienda, wakaniruhusu nimwone kwa kioo. Alikuwa uchi kwa kisanduku, macho yamefungwa kitambaa, amewekewa taa za buluu juu na kando, usiku na mchana. Walikuwa wamembadilisha damu mara moja, wakamtoa ile inayovunjika wakamtilia nyingine. Nikasimama hapo nikihesabu siku. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Huyu siku zake nne alizikaa kwa mwanga.

Walitoka baada ya wiki tatu. Jackie alinyonyesha, na mimi sikupeleka kijiko. Sikuambiwa nisipeleke. Pazia lile la machungwa nilikuwa nimelikata vipande, nafunikia omena, mpaka siku moja nikayaona magamba ya njano juu yake, nikalitupa kwa mtaro.

Siku ya chanjo ya wiki sita Jackie alinipigia simu mwenyewe, kwa mara ya kwanza. Mkono wake ulikuwa unauma, alitaka mtu wa kumshikia mtoto njiani. Nikambeba hadi kliniki. Sista Musimbi alipoita jina, nikasimama kama nilivyozoea.

"Keti hapo nje, Mum," Jackie akasema. Akamchukua mtoto, akaingia. Mlango ulibaki wazi kidogo kwa sababu ya joto.

Nikaketi. Nikamsikia Sista akisema anajaza fomu upya, ya mwaka huu. Umezaa mara ngapi? Jackie akasema tatu, sauti yake ya kawaida. Walio hai? Wawili. Wa kati alikufa na nini? Manjano. Halafu Sista akasoma swali linalofuata: kwa nini hakuletwa mapema.

Jackie akanyamaza. Nilingoja. Nilijua anatafuta namna ya kusema na mimi niko hapo nje ya mlango, vilevile kama siku ile ya kwanza, na nilijua atatafuta hadi apate uongo mwingine.

Nikasimama, nikasukuma mlango. Sikuingia, nilisimama kwa kizingiti.

"Andika ni nyanyake alimfungia ndani siku nne," nikasema. "Filister. Na alimnyima kunyonya."

Sista akaangalia fomu. "Hapa hakuna nafasi ya kuandika hivyo, Mama Ken."

"Basi andika kando."

Akaandika kando. Nilisikia kalamu. Jackie alikuwa amemshika mtoto begani, na alinitazama kwa muda mrefu, na sikuona upole wowote kwa hayo macho, na sikuwa nimekuja kuutafuta.

"Sasa toka nje, Mum," akasema.

Nikatoka, nikawafungia mlango.